Saa ya Kuvuka Mkondo

Siku ya tatu ya msiba wa Kijakazi, watu wa Mgogoni walikuwa wameshamaliza kazi ya kulia na wameanza ile wanayoiweza zaidi, kazi ya kutafuta kosa. Uani kwa marehemu wanawake walikuwa wakichagua mchele wa hitima, na kila aliyekaa jamvini alikuwa na lake. Mmoja alisema Kijakazi alikuwa na kichwa kigumu tangu utoto. Mwengine akasema si kichwa, ni makumbi. Alikuwa ameyafukia makumbi yake ya nazi kwenye tope la ng'ambo ya mkondo, miezi sita sasa, yameshalainika yanangoja kufukuliwa yapigwe yatoke usumba wa kusokotea kamba, basi akabaki nyuma kuyahangaikia mpaka maji yakamkuta. Waliyasema hayo kwa huruma, wakijifuta macho kwa ncha za khanga. Huruma ya namna hiyo inauma kuliko tusi.

"Mie alinambia kwa kinywa chake," alisema Nahla, mwanamke kijana aliyekuwa naye siku ile ng'ambo. "'Tangulia weye, mie nna jambo langu.' Nkamwacha. Jambo gani tena kule kama si makumbi?"

Jamvi zima likaitikia kwa kutikisa vichwa.

Rahila alikuwa pembeni ya mafiga, anamenya vitunguu, na machozi yake hayakuhitaji maelezo. Yeye ndiye mkubwa wa kikundi cha wanawake wa Chumvini. Ndiye anayeita siku ya kazi, ndiye anayepanga nani asimame wapi, na ndiye anayetoa saa ya kuvuka. Kijakazi alivuka mkondo saa ileile aliyopewa, haikupungua wala haikuzidi. Saa ndiyo iliyokuwa mbovu. Na ilikuwa saa ya Rahila.

Jambo hilo alikuwa akilijua peke yake, na lilikuwa limemkaa kooni siku mbili, hameza wala hatemi. Adhuhuri hiyo, kabla ya hitima, Bwana Talib wa mradi wa Chumvini angekuja na karatasi ya taarifa ya kifo. Alikuwa ameshamsomea jana: marehemu hakufuata muda uliopangwa wa kutoka eneo la kazi. Chini pana mstari wa saini ya kiongozi wa kikundi. Akitia saini, mambo yamekwisha; yeye atabaki mkubwa wa kikundi, na Kijakazi atakuwa mwanamke aliyekufia makumbi, na Samiha, mtoto wake wa pekee, atabeba jina hilo mpaka aolewe na baada ya kuolewa. Asipotia, itabidi aseme kwa nini. Rahila alikuwa na miaka arubaini na sita, hajawahi kuitwa muuaji, na aliogopa. Tusimfunike, aliogopa sana.

Chumvini ni uwanda ulio nyuma ya mikoko. Zamani palikuwa bonde la mpunga, wazee walijenga ukuta wa mawe kuizuia bahari, wakalima. Bahari haina haraka. Mwaka mmoja ilibomoa pembe ya ukuta ikaingia, na ukuta uliobaki ukayazuia maji yasitoke, yakakaa humo yakipikwa na jua. Mpunga ulikufa, kisha nyasi, kisha hata kaa wakahama. Palibaki pakavu peupe pa chumvi, mbuzi akipita anaharakisha.

Miaka minne nyuma alikuja Talib, kijana wa mjini Chake, mwembamba, buti kubwa kuliko yeye, akasema ukuta ubomolewe mahali patatu ili maji yaingie na yatoke kama yanavyotaka. Watu walimcheka. Mtu kaingiliwa na mwizi, na weye wamwambia avunje na mlango! Waliochukua majembe siku ya kwanza walikuwa wawili tu, Rahila na Kijakazi, tena Kijakazi alikwenda kwa kuwa Rahila amekwenda. Walikuwa mashoga tangu kuota meno. Walisoma chuo kimoja cha Kurani, walichezwa unyago pamoja, na Kijakazi alipofiwa na mume, Rahila ndiye aliyelala kwake eda nzima.

Mwaka wa pili mboga pwani ilianza kutambaa, nyekundu kwa kijani, ikifunika ile chumvi. Kaa wakarudi. Kisha wakaja ndege, wale wanaokimbia baridi za kwao wakati wa kaskazi, kitwitwi kwa mamia, na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Kijakazi aliwaita sululu mabwana afya, kwa vile wanavyotembea polepole wakichungulia kila shimo la mtu. Kazi ikawa hiyo: kila bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka ndege waondoke, wanawake wanaingia uwandani maji yakikupwa, wanahesabu ndege, wanapima mboga pwani kwa fremu ya mbao wanayoilaza mahali baada ya mahali, wanapanda miche ya mkoko wa mchu penye mapengo. Kuhesabu kulikuwa kwa Kijakazi. Kundi likiruka, wengine bado wanatafuta kalamu, yeye ameshasema mia mbili na arubaini. Talib alipiga picha kumjaribu, akaenda akahesabu kwenye kompyuta, akarudi na mia mbili thalathini na nane. "Wawili walikuwa nyuma ya wenzao," Kijakazi akamwambia.

Na saa ilikuwa ya Rahila. Mwaka wa kwanza Talib alileta jedwali la maji lililochapwa, la bandari nyengine huko, likawaacha watu wamesimama katika maji ya mapaja wakingoja yakupwe. Wanawake walicheka hata wakakaa chini majini. Tangu siku ile jedwali halikuulizwa tena. Rahila alirithi hesabu kwa mama yake, aliyeokota chaza maisha yake yote: mwezi kumi na tano, siku ya kumi na tano tangu uandame, maji yamekupwa saa nne ya asubuhi, na kila siku inayofuata unaongeza dakika khamsini au zipungue kidogo. Huna haja ya karatasi. Unahitaji kujua tu leo mwezi ngapi.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mgogoni, kama kwengine kisiwani, wapo wanaofunga kwa mwezi ulioonekana hapa, kwa macho ya hapa, na wapo wanaofunga kwa habari ya mwezi popote ulipoonekana duniani. Kila upande una dalili zake na mashekhe wake, na si kazi ya hadithi hii kuwaamulia. Rahila alikuwa siku zote upande wa mwezi wa hapa, kwa sababu mama yake alikuwa huko. Lakini mwaka huu mumewe, Abdulsamad, alihamia msikiti wa pili, na nyumba hufunga na mwenye nyumba. Rahila alianza Ramadhani siku moja kabla ya Kijakazi. Siku yake ya Idi, Kijakazi alikuwa bado ana saumu.

Sasa, Rahila alikuwa na ada ya kumpelekea shoga yake sahani ya Idi tangu wote wawili wangali wari. Akaipeleka. Pilau, na kuku, na kachumbari, asubuhi ya saa tatu, kwa mtu aliyefunga. Wallahi hakukusudia, mkono ulikwenda wenyewe kama unavyokwenda kila mwaka. Kijakazi aliitazama sahani, akaifunika kawa, akamrejeshea palepale mlangoni.

"Wapelekee majirani zako mliokula pamoja. Mie kwangu ungali Ramadhani."

"Kwani nimekukufurisha? Chakula tu hiki."

"Umenicheka, Rahila. Na ulivyoniona mjinga siku zote!"

Maneno yakatoka yao wenyewe, yakafuata ya mama zao waliokwisha kufa, na wote waliokuwa wakichota maji mferejini wakasikia. Haikuwa wao tu. Siku hizohizo wanaume walishikana kanzu katika baraza ya msikiti, watu wakanyimana salamu, arusi moja ikaahirishwa. Ilichukua wiki nzima na wazee wa pande mbili kuutuliza mji. Kwa wanawake, kazi hiyo aliifanya Bi Siti, bibi wa miaka themanini, mkunga aliyewapokea nusu ya waliokuwa wakigombana. Aliwaita Rahila na Kijakazi nyumbani kwake, akawatilia wali sahani moja, akawaambia wale.

"Na mwezi usitajwe tena baina yenu," alisema. "Atakayeutaja ndiye aliyevunja. Mmesikia?"

Walisikia. Walikula, wakalia, wakachekana kwa kulia. Siku ya nane baada ya hapo ndiyo iliyokuwa siku ya kazi.

Ilikuwa hesabu ya mwisho ya msimu, ndege walikuwa wameshaanza kunenepa kwa safari. Masika yalikuwa yamekaribia, mbingu imefunga siku nne mfululizo, mwezi hauonekani usiku wala nyota. Rahila alipanga kichwani: leo mwezi kumi na saba, maji yatakupwa saa tano na dakika arubaini hivi, mkondo utavukika mpaka saa saba kasorobo; saa hiyo akawapitishia wenzake majumbani alfajiri. Kichwani mwake hakukupita kabisa kwamba kumi na saba hiyo ni ya Abdulsamad. Hesabu ilikuwa ya mama yake na tarehe ilikuwa ya mumewe, na yeye akazijumlisha.

"Kijakazi na Nahla ng'ambo," alisema walipofika ukutani. "Saa saba kasorobo muwe mmeshavuka. Kabla ya hapo msikimbilie, hino ndo ya mwisho, Talib anataka fremu zote."

Kijakazi alimtazama. Kisha akapandisha suruali aliyoivaa ndani ya dira, akajitwika gunia la miche, akasema, "Haya, mkubwa wetu." Rahila alidhani anataniwa, akacheka.

Yeye na wengine wawili walibaki upande wa huku kupanda mchu. Kiasi cha saa tano na nusu aliinua kichwa akaona povu kwenye mkondo linakwenda ndani. Maji yalikuwa yamegeuka. Alitazama saa yake, akatazama povu. Mtoto wa mama yule alipaswa kujua, na alijua, ila kujua kwake kulikaa nyuma ya kiburi. Alijiambia ni upepo. Akachimba shimo la mche mwengine, na mwengine, na mwengine.

Saa sita Nahla alivuka, maji ya magoti. Rahila aliyaona magoti yake yamelowa.

"Mwenzio?"

"Anakuja. Ana jambo lake, kasema mie ntangulie."

Saa saba kasorobo barabara Kijakazi alitokea ukingoni, ubao wa hesabu kauweka kichwani. Nyuma yake uwanda wote ulikuwa umeshakuwa maji, na miche waliyoipanda miaka minne, iliyofika kiunoni mwa mtu, ilikuwa imebakisha vichwa tu. Hapakuwa na mti wa kupanda. Mbele yake mkondo ulikuwa unakwenda mbio. Kijakazi hakujua kuogelea, wengi wa wanawake wa Mgogoni hawajui, bahari ni yao kwa kutembea tu. Aliingia. Hatua ya nne yakawa kifuani. Rahila alimwona akinyanyua ubao juu zaidi, karatasi zisilowe, na akapiga ukelele atupe ubao, atupe, na yeye mwenyewe akaingia mpaka shingoni akakamata ncha ya khanga. Khanga ikaja. Mtu hakuja.

Walimpata maji yalipotoka, usiku baada ya isha, ndani ya mikoko. Rahila alimkosha yeye pamoja na Bi Siti. Alimtoa tope katika kucha, kidole kimoja kimoja, na bado alikuwa hajui kwa nini. Alifikiri bahari imefanya jambo lake, imekuja kabla ya wakati.

Alijua kesho yake, wanaume waliporudi maziarani. Walikuwa wamekaa barazani, mmoja akamuuliza mwenziwe hitima itakuwa lini, na yule akahesabu kwa vidole: "Leo mwezi kumi na saba, kesho kumi na nane, kesho kutwa kumi na tisa." Rahila alikuwa anapita na ndoo. Kumi na saba ilikuwa jana! Aliiweka ndoo chini. Alisimama pale akaiona siku nzima tangu mwanzo, povu, magoti ya Nahla, dakika khamsini, akakaa juu ya mawe ya njia. Watu walimwinua wakimwambia ashukuru Mungu, marehemu amekufa maji, amekufa shahidi. Alitamani mmoja wao ampige.

Basi hayo ndiyo aliyokuwa nayo kooni alipokuwa akimenya vitunguu. Kitunguu cha mwisho kilipokwisha aliinuka, akaingia ndani kwa Samiha. Alisema moyoni, nitamwambia mtoto, mtoto anitukane, anitemee mate, kisha nitajua la kufanya.

Samiha alikuwa amekaa kitandani kwa mama yake, anakunja nguo za kutolewa sadaka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mshonaji, na hata katika msiba alikuwa akizikunja kwa mishono yake.

"Samiha," Rahila alisema, akafunga mlango. "Mama yako hakukosea saa. Mie nilikosea. Nilihesabu kwa mwezi wetu wa nyumbani, siku moja mbele. Nilimpa saa ya uongo."

Alingoja. Samiha aliendelea kukunja dira moja mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Najua, Bi Rahila."

"Unajua nini?"

"Mama alijua. Asubuhi ile alipokuwa anavaa alisema, 'Leo shoga yangu katoa saa ya mwezi wake.' Nkamwambia si umwambie. Akasema, 'Mwezi hautajwi. Nimemaliza wiki nikilia kwa ajili ya huo mwezi, sina nguvu za kulia tena. Tutaharakisha, saa sita tuwe tumevuka.'"

Rahila alishika mguu wa kitanda.

"Fremu zilikuwa nyingi," Samiha alisema. "Ndiyo hivyo tu. Zilikuwa nyingi, na kamwondoa Nahla, akabaki na zote yeye."

Hapo Rahila akaelewa yote, na lile alilokuja nalo likawa dogo mbele ya hili. Jambo langu, alisema Kijakazi. Jambo lake lilikuwa ni kumtoa Nahla kabla ya maji, bila ya kueleza kwa nini. Angeeleza, angetaja mwezi. Na yeye mwenyewe angevuka mapema, Rahila angemuuliza mbele ya watu, mbona mapema, fremu zote zimekwisha? Na jawabu lilikuwa moja tu. Mtu aliona kifo kinakuja kwa hesabu, akaona afadhali akimbizane nacho kuliko kugombana tena na shoga yake. Rahila alilia kilio ambacho hakukilia siku ya maiti, kilio kibaya, cha sauti ya mnyama, na Samiha hakumnyamazisha.

"Mbona hukusema, mwanangu? Siku tatu wanamwita mchoyo wa makumbi!"

"Nilikuwa nakungoja weye," alisema Samiha. "Nilitaka nione utasema au hutosema. Umenambia mie. Mie si niliyemwita mchoyo. Wao wako nje."

Huyo alikuwa mtoto wa Kijakazi kweli. Rahila alijifuta uso akatoka.

Nje mchele ulikuwa umeshachaguliwa, wanawake wamevaa mashuka ya kusalia wakingoja adhuhuri. Talib alikuwa amekuja, amesimama nje ya ua wa makuti kwa heshima, karatasi yake ndani ya bahasha. Nyuma yake barazani wanaume wa misikiti yote miwili walikuwa wamekaa pamoja, jambo ambalo wiki mbili nyuma lisingewezekana. Kijakazi alikuwa amewakutanisha kwa kufa.

"Nna neno," alisema Rahila, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga. "Kijakazi hakubakia makumbi. Saa niliitoa mie, na ilikuwa mbovu. Nilihesabu kwa mwezi wa—"

"Mswalie Mtume, Rahila," Bi Siti alimkata.

"Allahumma swalli alayhi. Nilihesabu kwa mwezi wa—"

"Mswalie Mtume nakwambia! Kaa chini, mwanangu, msiba umekuchoma." Bi Siti aliinuka kwa mkongojo mpaka karibu, akamshika mkono, na mkono wake mkavu ulikuwa na nguvu. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimeshajua. Mie nahesabu miezi ya mimba miaka sitini, itanipita hino? Nyamaza. Watu wamepatana juzi. Ukilisema neno hilo mbele yao watashikana tena, na safari hino watashikana juu ya maiti. Aliyekufa kashakwenda kwa Mola wake, hadhuriki na maneno."

"Samiha anadhurika."

"Samiha ataolewa, atasahau."

Rahila alimpenda bibi huyu. Alijua vilevile kwamba hasemi kwa ubaya, na huenda asemalo ni kweli. Lakini alikuwa ameshachoka na amani iliyonunuliwa kwa kunyamaza. Sahani moja ya amani hiyo alikuwa ameshaila, na shoga yake yuko chini ya mchanga. Akautoa mkono wake taratibu, akasema mpaka barazani wakasikia. Alisema yote. Kumi na sita ya hapa na kumi na saba ya kwake, povu aliloliona akajidanganya, Nahla aliyetolewa kabla ya maji na mtu aliyejua. Alisema Kijakazi alijua saa ni mbovu akaifuata kwa ajili yake yeye.

Nahla alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari, akajifunika shuka uso mzima. Wale waliokuwa na maneno ya makumbi waliangalia mchele. Rahila alidhani, Mungu amsamehe, kwamba Bi Siti amekosea.

Kisha barazani mmoja akasema, "Mnaona? Tuliwaambia. Mwezi wa redio huo."

"Nani kasema redio? Rudia!"

"Mtu kafa, bado mnabisha?"

"Kafa kwa ujinga wa mwanamke, usiutie mwezi!"

Hiyo ya mwisho ilikuwa sauti ya Abdulsamad, mumewe. Kiti kilianguka. Mtu mmoja aliita jina la Mungu kwa hasira, mwengine akamjibu kwa jina lilelile. Wanawake wakaanza kukusanya viatu vyao, wa upande huu mbali, wa upande ule mbali. Bi Siti alikaa chini ya ukuta peke yake, mkongojo mapajani, hakumtazama Rahila hata mara moja.

Talib aliingia uani bila ya kupiga hodi, uso umempauka. Alikuwa ameitoa karatasi kwenye bahasha, kalamu mkononi.

"Bi Rahila, nifute niandike nini?"

"Futa hapo palipo na jina lake. Andika langu."

Aliandika akiwa amechutama, karatasi juu ya goti, na Rahila akatia saini. Hakukuwa na nafuu yoyote ndani yake. Alisikiliza huko nje wakipiga kelele, umeandama lini, umeonwa na nani, kwa ushahidi gani, sauti juu ya sauti, na akawa anangoja katika maneno yote yale walitaje walau mara moja jina la Kijakazi. Hawakulitaja.

Samiha alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Alipita katikati ya ua uliokuwa ukimwagika watu, akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza moto.

"Tia maji sufuriani, Bi Rahila," alisema. "Mama ana hitima yake. Tutasoma mie na weye."